Sevisi ya mashine za baridi Kampala: kusubiri iharibike, fundi wa kuita, au mkataba wa kampuni?

Kompresa yangu ya kwanza, ile pampu inayosukuma gesi ya baridi, iliungua Jumapili mchana, chumba kikiwa kimejaa sangara. Fundi alipofungua kifuniko cha nyaya, harufu ilimtosha, hata mita hakuitoa mkobani. Akazunguka nyuma, akapitisha kidole kwenye mapezi ya kondensa, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, kisha akaninyooshea. Kidole kilikuwa kimevaa kitu kama blanketi la kijivu: vumbi, wadudu wa ziwa na mafuta ya moshi, vyote vimeshikana.

"Mama, hii haikufa leo," akasema. "Imekabwa siku nyingi."

Nina vyumba viwili vya baridi jirani na mwalo wa Ggaba, kimoja cha samaki wabichi na kimoja cha kugandisha, pamoja na bucha ndogo mjini yenye friji ya kioo. Tangu Jumapili ile nimeshajaribu njia zote tatu za kutunza mashine hizi, na kila moja nimeilipia. Wenzangu wa mwaloni huniuliza ipi bora. Jibu langu hubadilika kulingana na kilichomo ndani ya chumba na nani atakuwa karibu siku mashine itakaponyamaza.

Kwanza tuelewane. Ninaposema mashine ya nje namaanisha ile fremu iliyobeba kompresa, kondensa na feni yake, inayokaa nyuma ya ukuta ikitupa joto nje. Kazi yake ni kuchukua gesi yenye moto, kuipoza mpaka iwe majimaji, na kuirudisha ndani. Hewa isipopita vizuri kwenye kondensa, kila kitu kingine kinaumia.

Kusubiri iharibike

Wengi wetu tunaanzia hapa, na tusijifanye watakatifu. Mashine inanguruma, samaki ni baridi, kwa nini nitoe pesa?

Gharama ya njia hii haingoji siku ya kuharibika. Inakula kila siku kwenye Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Mafundi wana kanuni yao: joto la gesi ndani ya kondensa likipanda digrii 1, umeme unaotumika huongezeka kwa asilimia 2 hadi 3. Sasa chukua mashine inayovuta kilowati 2 na kufanya kazi saa 16 kwa siku. Hizo ni uniti 32. Uchafu ukipandisha joto hilo kwa digrii 10 tu, unaongeza kati ya uniti 6 na 10 kila siku, yaani kama 190 hadi 290 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa wewe, halafu linganisha na ada ya fundi. Na hapo sijahesabu kwamba mashine iliyokabwa hukaa imewaka muda mrefu zaidi ili kufikia baridi ileile.

Jambo la pili nililijua kwa kuumia. Kompresa ikiungua, mafuta yake huungua nayo na kuacha asidi ndani ya mirija. Ukifunga kompresa mpya bila kusafisha mfumo, kubadilisha draya (kichujio cha unyevu) na kuvuta vakyumu sawasawa, yaani kunyonya hewa na unyevu wote, hiyo mpya nayo itaondoka kwa njia ileile. Yangu ya pili ilidumu miezi michache tu.

Njia hii naiona inafaa kwa friji ya soda peke yake. Ikifa, unahamisha chupa kwa jirani na maisha yanaendelea. Samaki hawahamishiki hivyo.

Fundi wa kuita

Huyu anakuja kwa bodaboda na mkoba wa geji begani. Anaijua mashine yako kama mtoto wake, anajua kapasita, kipuri cha kusaidia mota kuwaka, inapatikana duka gani mjini, na bei yake inavumilika. Kwa mtu mwenye mashine moja au mbili, sioni aibu yoyote kumtegemea.

Tatizo liko kwenye jinsi tunavyomlipa. Tukimlipa siku ya ubovu tu, basi riziki yake ni ubovu wetu. Nao ugonjwa unaopatikana haraka kuliko yote ni huu: "Mama, gesi imepungua, tuongeze kidogo." Niliongeza kidogo mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Ilinichukua muda kuelewa kitu ambacho mtoto wa chuo cha ufundi hukijua wiki ya kwanza: gesi ya friji haitumiki kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kujaza maji kwenye pakacha.

Uvujaji wangu ulikuwa kwenye nati ya mrija mwembamba unaotoka kwenye tangi la gesi. Pale palikuwa na doa la mafuta jeusi, limenata vumbi, mtu yeyote mwenye macho angeliona. Mafuta ya kompresa husafiri na gesi, kwa hiyo pale gesi inapotoka, nayo hutoka. Povu la sabuni lilipopakwa likaanza kutoa mapovu madogo, taratibu, kama uji unaotaka kuchemka. Kazi ya nusu saa. Gesi ya mara tatu ilikuwa imekwenda hewani.

Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mtu mashine yako, mwangalie mkobani. Ana pampu ya vakyumu, au anasukuma hewa nje kwa gesi yenyewe? Ana klampu mita ya kupima ampea? Ana mizani ya kupimia gesi, au anakisia kwa kugusa mrija? Ana mtungi wa naitrojeni na regyuleta yake? La mwisho nalishikilia sana, kwa sababu wapo wanaopima uvujaji kwa oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Fundi anayetaja oksijeni kwa kazi hiyo, mpe nauli arudi nyumbani.

Kilichoniokoa kwenye njia hii ni kubadilisha malipo. Nilimwambia fundi wangu: "Mwanangu, nitakulipa kila baada ya miezi mitatu, mashine iwe mbovu au nzima." Akanitazama kama anayepimwa. Nikamnunulia daftari la mistari, nikachora safu: tarehe, joto la nje, joto la chumba, presha ndogo (upande wa kuvuta), presha kubwa (upande wa kondensa), ampea, hali ya kioo cha kuonea gesi mrijani. Kila akija anajaza, anaweka sahihi, nami naweka yangu.

Daftari lile limenifundisha zaidi ya mafundi wote. Kwenye chumba cha kugandisha, kinachotumia gesi ya R-404A, presha kubwa ilisomeka karibu paundi 360 kwa inchi ya mraba siku moja ya joto la kawaida la hapa, digrii 28. Tukaosha kondensa, tukasubiri itulie, ikarudi karibu 260. Hakuna gesi iliyoongezwa, hakuna kipuri kilichonunuliwa. Mtu asiyeandika angeona mashine inahangaika na kuanza kufungua mtungi. Tena angeongeza gesi kwenye mfumo ambao tayari presha yake iko juu.

Mkataba wa kampuni

Kampuni ina mafundi wengi, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Fundi wako wa kuita akienda kijijini mazishini, au ikiwa ni Idi, simu haipokelewi. Kampuni hutuma mwingine. Ina stoo ya vipuri, na inakupa karatasi. Anayeuzia viwanda vya kusafirisha samaki nje anajua uzito wa karatasi. Waliokuwa kwenye biashara hii mwaka 1999, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, hawahitaji kuelezwa. Mkaguzi akiuliza rekodi ya baridi na sevisi, faili la kampuni hufungua mazungumzo kwa heshima.

Lakini karatasi nayo inaweza kusema uongo. Kampuni moja niliyofunga nayo mkataba ilituma vijana wawili wenye sare safi. Walikaa dakika ishirini, wakaacha fomu yenye vyeki (alama za tiki) kumi na nne, kimoja kikisema kondensa imesafishwa. Kijana wangu wa duka akaniita nyuma bila kusema neno, akanionyesha utando wa buibui kwenye wavu wa feni. Buibui mwenyewe alikuwa amekaa katikati, hana habari. Sikugombana. Nilipiga picha, nikaambatisha kwenye fomu yao na kuwarudishia. Ziara iliyofuata walikuja na pampu ya maji.

Ukitaka kutia sahihi, soma mambo manne. Ziara ni ngapi kwa mwaka, na nani anashuhudia kazi ikifanyika? Ukipiga simu usiku au Jumapili, watafika ndani ya saa ngapi, na ziara hiyo inalipiwa kando? Gesi na vipuri vimo ndani ya bei au nje? Na vipimo vinaandikwa kwa tarakimu au kwa vyeki? Hilo la mwisho ndilo wanalolipinga zaidi. Cheki haikuambii chochote. Tarakimu ya leo inalinganishwa na ya miezi mitatu iliyopita.

Kwa anayetaka kuona kwa haraka:

| | Kusubiri | Fundi wa ratiba | Mkataba |
|---|---|---|---|
| Pesa za mwanzo | hakuna | kidogo | nyingi |
| Umeme | unapanda kimyakimya | unadhibitiwa | unadhibitiwa, kama kazi inafanyika kweli |
| Usiku na sikukuu | bahati yako | bahati yake | imo kwenye mkataba, ukiidai |
| Rekodi | hakuna | daftari lako | faili lao |
| Hatari kuu | kompresa na mzigo | kuongezewa gesi ovyo | fomu bila kazi |

Kazi ambayo hakuna hata mmoja wao anayeifanya vizuri kama wewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi inapookolewa.

Miezi mitatu ni ya fundi. Uchafu haungoji miezi mitatu. Kiangazi cha Desemba hadi Februari, barabara ya murram ikikauka, mapezi ya kondensa yanaweza kuziba ndani ya wiki chache. Wanaokausha samaki kwa moshi jirani wanaongeza mafuta yanayogundisha vumbi. Mjini nimeona mashine iliyofungwa nyuma ya kibanda cha rolex, chapati ya kuviringishwa na mayai, inavuta mvuke wa chapati mchana kutwa. Ilikuwa inanukia vizuri kuliko mashine yoyote niliyowahi kuiona, na imeziba kabisa.

Halafu wako wadudu wa ziwa. Aliyeishi kando ya Victoria anawajua: wingu linapanda juu ya maji kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, upepo ukigeuka wanaingia mpaka kwenye chai. Wanaishi muda mfupi sana, na usiku hufuata taa. Mashine yangu ilikuwa na taa ya ulinzi juu yake. Kila usiku taa inawaita, feni inawavuta, mapezi yanawashika. Nilihangaika na brashi karibu mwaka mzima kabla kijana yuleyule wa duka hajauliza, kwa adabu zote, kwa nini tusiihamishe taa. Tukaihamisha mita sita, hadi kwenye kona ya ukuta. Tofauti ilionekana mwandamo uliofuata.

Namna ya kusafisha ina makosa yake. Zima swichi kuu kwanza, si thamostati, maana feni inaweza kuwaka ghafla na kidole chako kimo. Kwa vumbi kavu tumia brashi laini, ukifuata mwelekeo wa mapezi. Yakisimama wima, brashi iende juu na chini. Ukienda kinyume yanalala, na mapezi yaliyolala huziba hewa kama uchafu wenyewe. Blowa ni nzuri kwa vumbi, lakini ipulize kutoka upande wa feni kwenda nje. Mashine nyingi huvuta hewa kupitia kondensa, hivyo uchafu hukaa uso wa nje. Ukipuliza kutoka nje unausukuma ndani zaidi.

Penye mafuta, brashi na blowa havitoshi. Hapo ni maji na sabuni isiyo kali, baada ya kufunika boksi la nyaya na mota ya feni kwa nailoni. Maji ya bomba, ya presha ya kawaida. Ile pampu ya kuoshea magari iliyoko kila kona ya Kampala iache kwenye magari. Ikikaribia sana inalaza mapezi safu nzima kwa mpigo mmoja.

Ukiwa hapohapo, tazama mambo machache bila kugusa: doa jipya la mafuta, mrija unaosuguana na fremu, feni inayozunguka kwa kusitasita, sponji ya mrija mnene iliyochanika. Piga picha umtumie fundi. Kufungua boksi la umeme na kufunga geji ni kazi yake, si yako.

Umeme, na gesi kwa ufupi

Kwa hapa kwetu, sevisi isiyogusa ulinzi wa umeme ni nusu sevisi. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde chache, kompresa hujaribu kuwaka huku presha za pande mbili hazijasawazika. Kifaa cha kuchelewesha kuwaka kwa dakika 3 hadi 5 ni rahisi mno kikilinganishwa na kompresa. Kwa mashine ya fezi tatu, ongeza kifaa cha kukata umeme fezi moja ikipotea. Mwambie fundi au kampuni wavijaribu kila ziara, na wakaze skrubu za nyaya, maana mtetemo huzilegeza.

Gesi: soma kibao cha mashine, na usikubali kuchanganyiwa. Mtungi wa bei ya kutupa uogope. Mwaka 2011 kontena za friji zilizosevisiwa Vietnam kwa gesi bandia zililipuka na kuua watu. Mashine ya R-290 inatumia propani, inawaka moto. Asiyefundishwa asiiguse kwa tochi ya kuchomelea. Nayo R-22, gesi ya mashine za zamani, iko njiani kuondoka: kwa ratiba ya Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, nchi kama zetu zinatakiwa kuachana nayo mwaka 2030, na kubakisha asilimia 2.5 tu kwa sevisi ya mashine za zamani hadi 2040. Kampuni ikikuuzia mkataba mrefu wa mashine ya R-22 iliyochoka, piga hesabu ya mashine mpya kwanza.

Basi uchague ipi?

Kama mzigo wa siku moja ndani ya chumba una thamani kuliko ada ya mkataba ya mwaka, au unauzia watu wanaodai rekodi, chukua mkataba. Lakini uwe na daftari lako mwenyewe, na mtu wako asimame pale kazi ikifanyika. Chumba changu cha kugandisha kiko huko sasa, na kampuni ya pili, ambayo vijana wake wanaandika tarakimu bila kununa.

Kama una mashine moja ya ukubwa wa kati, na fundi mwenye vakyumu na naitrojeni anakaa umbali wa nusu saa, mkataba ni anasa. Mlipe kwa ratiba. Chumba changu cha samaki wabichi kinakwenda hivyo, na kwa kweli ndicho kinachonisumbua kidogo zaidi. Nadhani ni kwa sababu fundi yule anaiona presha ya mwaka jana kwa mwandiko wake mwenyewe na inamwonea aibu ikipanda. Omba namba ya mwenzake mmoja tu, kwa siku ambazo yeye hayupo.

Aliye mbali na mji, tuseme Katosi au visiwani, hata mkataba mzuri utafika kesho. Huyo pesa yake aiweke kwenye kapasita, kontakta (swichi ya umeme ya kompresa) na mota ya feni vya akiba kabatini, na fundi wa jirani anayejua kuvifunga.

Friji ya kioo ya bucha haina mkataba wala fundi wa ratiba. Ina brashi ya rangi iliyotundikwa nyuma yake kwa kamba, na kijana anayejua kwamba Ijumaa kabla ya swala, swichi inazimwa na mapezi yanapigwa brashi.